Ukipenda zilipendwa, wajue na waliozipiga

Vijana wengi siku hizi wananiuliza: nataka kuanza kusikiliza zilipendwa, nianzie wapi? Wanategemea niwatajie nyimbo kumi bora. Huwa sizitaji. Orodha za nyimbo bora zimejaa mitandaoni, na mtu akizimaliza anabaki na nyimbo kumi kichwani bila kujua hata jina moja la mtu aliyeshika gitaa. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kuusikiliza, kuutafuta na kuuhifadhi muziki wa dansi wa Tanzania, ni huu: chagua bendi moja, kaa nayo, ujifunze majina ya watu waliokuwa ndani yake. Mwimbaji, mpiga solo, mpiga ridhimu, mpiga besi, mpiga tumba, wapuliza tarumbeta. Wote. Muziki huu ulipigwa na kundi zima la watu jukwaani kwa wakati mmoja, na anayemjua mwimbaji peke yake amekosa zaidi ya nusu ya utamu.

Kwa anayeanza kabisa, namshauri achague kati ya Msondo na Sikinde, bendi mbili za Dar es Salaam, kwa sababu hadithi zao zimefungamana na ukishika moja utajikuta umeshika zote mbili. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma, kwa jina la mtindo wake. Usipolijua hili utadhani ni bendi nne tofauti, na ukitafuta rekodi zake kwa jina moja tu utapata kipande kidogo cha kazi yake. Basi kanuni ya kwanza unapotafuta muziki huu ni kuandika pembeni majina yote ambayo bendi imewahi kuitwa. Maquis du Zaire na Maquis Original ni watu walewale wa mtindo wa Kamanyola. Hali ni hiyo hiyo kwa bendi nyingi zilizodumu.

Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa bendi ile ya wafanyakazi, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo, waliondoka wakaanzisha Mlimani Park Orchestra, ndiyo hiyo tunayoiita Sikinde kwa mtindo wake, Sikinde ngoma ya ukae. Mwanzoni ililelewa na kampuni ya usafirishaji na teksi, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Gurumo hakukaa hapo moja kwa moja. Mwaka 1985 alihamia Orchestra Safari Sound, ukatoka mtindo wa Ndekule, kisha miaka ikapita akarudi nyumbani Msondo, na ndiko alikomalizia kazi yake. Alifariki Aprili 2014.

Ifuate safari hiyo ya mtu mmoja kwa masikio yako. Sikiliza NUTA ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, halafu Sikinde ya mwanzo, halafu Ndekule, halafu Msondo ya miaka ya 1990. Sauti ni ileile, ya mtu mzima anayezungumza na wewe bila haraka, lakini magitaa yaliyo nyuma yake yanabadilika kila anapohama. Hapo ndipo utaanza kuelewa mtindo ni nini. Kabla ya zoezi hilo, neno mtindo kwangu lilikuwa jina la kujitangazia tu: Saboso ya Western Jazz, Masika ya Super Volcano, Pambamoto ya Vijana Jazz. Ukishasikia mwimbaji mmoja akiwa ndani ya bendi tatu, unagundua kwamba kila bendi ilikuwa na namna yake ya kuyapanga magitaa, ya kuingiza tarumbeta, ya kuachia tumba. Jina lilikuwa linaelezea kitu kinachosikika.

Na mwangalie pia mtu kama Michael Enoch. Alitoka Dar es Salaam Jazz, akaja kuwa nguzo ya Sikinde, akijua vyombo zaidi ya kimoja, na wenzake walimwita King. Wapo waliopita mikononi mwake wakajifunza muziki ambao leo majina yao yanajulikana kuliko lake. Watu wa namna hii ndio ninaotaka uwatafute. Kila bendi kubwa ilikuwa na wake.

Ukishazoea bendi mbili hizo, panua uwanja. Karibu kila taasisi ilikuwa na bendi yake: kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilikuwa na Kimulimuli, Polisi nao walikuwa na yao. Nenda mikoani: Tanga kulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, Tabora kulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids. Wakongo walioingia nchini walileta mkono wao. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akawika na Super Matimila, na akakaa hapa mpaka alipofariki Desemba 2010. Leo kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy, na abiria wengi wanaoshuka pale hawajawahi kusikiliza wimbo wake hata mmoja mpaka mwisho.

Mimi ni mtoto wa Morogoro, kwa hiyo upendeleo wangu nausema wazi. Sijasikia mpiga gitaa aliyezungumza na sauti yake mwenyewe kama Mbaraka Mwinshehe. Anaimba mstari, gitaa lake la solo linamjibu, anaimba tena, linamjibu kwa namna nyingine. Alikua ndani ya Morogoro Jazz, bendi ambayo ilifika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Kabla yake mji wetu ulikuwa umeshampoteza Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye kwa ajali ya gari, mwaka 1965. Jina la bendi yake linakwambia alikuwa anasikiliza nini: santuri za Kuba zilizoletwa Afrika zikiwa na namba zinazoanza na herufi GV, ambazo vijana wa miji yetu walizisikiliza mpaka wakazigeuza kuwa Kiswahili. Ukitaka kujua rumba iliingiaje kwenye dansi letu, muweke Salum Abdallah upande mmoja na santuri moja ya Kuba ya miaka ya 1940 upande wa pili, uzisikilize zikifuatana.

Sasa namna ya kusikiliza. Nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kisa: mwimbaji anaeleza, waitikiaji wanamwitikia, magitaa yanatembea taratibu. Kisha vyombo vinakusanyika, dramu inagonga, na wimbo unaingia kwenye chemko. Hapo maneno yanapungua, magitaa yanaanza kusukana, tarumbeta na saksafoni (wenyewe waliiita mdomo wa bata) zinapeana zamu. Wapigaji walikuwa wanajionyesha hapo, na wachezaji ukumbini walikuwa wanapasubiri hapo. Inaniuma sana kusikia vituo vya redio vikikata wimbo chemko ikianza ili kuweka tangazo. Ukikutana na rekodi yenye urefu wa dakika tatu ya wimbo ambao unajua una saba, itafute iliyo kamili, usikubali nusu.

Chukua wimbo mmoja uupendao, uusikilize mara kadhaa kwa spika za masikioni, kila mara ukifuata chombo kimoja. Mara ya kwanza fuata besi tu, uache mengine yote yapite. Mara ya pili fuata ridhimu. Wengi hawajawahi kuisikia ridhimu maisha yao yote, ingawa ndiyo inayowabeba, kwa sababu imekaa katikati, inarudia kitu kilekile na haijitangazi. Kisha solo, kisha tumba. Mfano mzuri wa kuanzia ni Sina Makosa ya Les Wanyika, kundi lililozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya baadhi ya wanamuziki kujiengua Simba Wanyika ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga. Afrika Mashariki nzima inaujua wimbo huo. Lakini muulize mtu anayeuimba arusini kwa hisia zote: nani anapiga hiyo besi? Ni Tom Malanga. Ridhimu ni ya Omari Shabani. Mwimbaji na mpiga solo wa kundi hilo alikuwa John Ngereza. Watu wachache, na ukiwaelewa kila mmoja anafanya nini, utaurudia wimbo huo ukiwa kama hujawahi kuusikia.

Majina haya yanapatikana wapi? Kidogo kwenye vibandiko vya santuri, kidogo kwenye maandishi ya watu waliojitolea, kama John Kitime wa Kilimanjaro Band, ambaye ni mwanamuziki mwenyewe na ameandika mengi kuhusu wenzake. Lakini sehemu kubwa iko vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Hapa nataka nikae kidogo.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyepiga tumba kwenye bendi ya kiwanda miaka ya 1970. Nilimkuta barazani, anatengeneza kiti. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, umetumwa na nani? Nikamweleza. Akasema mambo ya muziki aliyaacha zamani, hana cha kunisimulia. Sikumbishia. Nilikuwa na spika ndogo na nyimbo kwenye simu, nikamwomba tu asikilize moja aniambie kama ni bendi yake. Wimbo ulipofika kwenye chemko akanyoosha mkono: rudisha hapo nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza tena, vidole vyake vikigonga ukingo wa kile kiti. "Unasikia tumba inavyochelewa kuingia? Huyo si mimi. Wiki hiyo nilikuwa nimelazwa. Huyo ni fulani, alikuwa anatumia mkono wa kushoto, ndivyo alivyokuwa anaingia." Akataja jina ambalo sijawahi kuliona limeandikwa mahali popote. Kwenye rekodi ile ambayo nimeisikiliza tangu utotoni kulikuwa na mtu ambaye hakuna karatasi inayomtaja, na aliyemkumbuka ni mwenzake mmoja kwa namna alivyokuwa anachelewa kuingia.

Baada ya hapo alizungumza mpaka jua likazama. Alinieleza walivyokwenda kurekodi Radio Tanzania: bendi nzima inaingia studio, inapiga kwa pamoja, hakuna kurekodi chombo kimoja kimoja. Mpiga tarumbeta akikosea dakika ya sita, wote mnarudi mwanzo. Ndiyo maana, aliniambia, ukisikiliza vizuri utaona bendi zinapiga kwa utulivu wa ajabu studio kuliko ukumbini. Kila mtu alikuwa anaogopa kuwa yeye ndiye atakayewarudisha wenzake.

Kwa hiyo ukienda kwa mzee wa muziki, nenda na muziki wake. Usiende na maswali ya gazeti. Usimuulize nani alikuwa bora kati ya fulani na fulani, maana hapo unamtafutia ugomvi na marehemu. Muulize mambo ya mikono: chombo chake kilikuwa cha aina gani, nani alimfundisha, jukwaani alisimama karibu na nani, walipiga kumbi zipi, nauli ya kurudi usiku walipewa au walitembea. Mtajie Amana, mtajie DDC Kariakoo, mtajie Lang'ata Kinondoni au White House Ubungo, uone sura inavyofunguka. Usiende mikono mitupu, kilo ya sukari na majani ya chai ni adabu tu. Angalia saa za swala na saa za kula. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na akikataa, weka simu mfukoni usikilize kwa masikio. Wake zao na wajane wao wasalimie na uwaulize pia, kwa sababu picha nyingi ziko kwenye masanduku yao, na wao ndio wanaokumbuka mwaka ambao bendi ilihamia mkoani au mshahara uliposimama. Na kabla ya kuaga, muachie kitu. Mzee yule aliniomba nimwekee nyimbo za bendi yake kwenye memori kadi ya redio yake ndogo. Yeye mwenyewe hakuwa na hata moja.

Wengi hushangaa kusikia kwamba mtu aliyerekodi nyimbo zinazopigwa kila Jumapili redioni hana nakala wala senti. Sababu iko kwenye mfumo wenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, wanamuziki walikuwa waajiriwa au walilipwa kwa makubaliano na mwenye bendi, na mtu akihama aliacha gitaa na kuondoka na kipaji chake tu. Ndiyo maana walihama hama sana: njia pekee ya kupandisha mshahara ilikuwa kuitwa na bendi nyingine. Redio ilikuwa moja kwa upande wa Bara mpaka miaka ya 1990, nayo ndiyo ilikuwa studio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilipitishwa mwaka 1999. Hemed Maneti wa Vijana Jazz alikuwa ameshafariki mwaka 1990. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995.

Hili linapaswa kubadilisha mwenendo wako kama mpenzi wa muziki huu. Ikiwa bendi au familia ya mwanamuziki ina ukurasa wake inakoweka nyimbo, sikilizia huko, usisikilizie kwa mtu aliyezikusanya na kuweka matangazo yake juu. Ikiwa kuna toleo lililotolewa kwa idhini, lilipie. Ukiwa na shughuli, arusi au sherehe ya kustaafu, ita bendi yenye wazee hao badala ya kupiga rekodi zao bure ukumbini.

Nirudi kwenye vitu vya kushika, maana najua wengi mna kanda za baba na babu kwenye makabati. Kuna historia inayoeleza kwa nini kazi nyingine ziko kwenye santuri na nyingine kwenye kanda. Santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi, kwa kuwa huku hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Ndiyo maana Mbaraka na bendi za kabla ya hapo utawapata kwenye santuri, lakini Sikinde ya mwanzo, ambayo kwangu ndiyo Sikinde yenyewe, imetufikia zaidi kwa tepu za redio na kwa kanda ambazo watu walijirekodia nyumbani kutoka redioni.

Kanda hizo za kujirekodia ni hazina, hata kama zinakwaruza. Nyingi zina sauti ya mtangazaji wa Club Raha Leo Show, kipindi cha Radio Tanzania, akitaja bendi, mtindo, mtunzi, wakati mwingine hata wapigaji. Wapo wanaozihamishia kwenye kompyuta na kukata sauti hizo ili wimbo ubaki msafi. Naomba msikate. Kwa nyimbo nyingi maneno yale ya mtangazaji ndiyo ushahidi pekee tulio nao.

Kabla ya kuweka kanda ya zamani kwenye redio kaseti, iangalie kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, huo ni ukungu, usiicheze kwenye mashine unayoitegemea, kwa sababu utahamia kwenye kanda nyingine. Angalia kile kipande kidogo cha sufi kinachokandamiza utepe katikati. Kikiwa kimebanduka, sauti itasikika kama inatoka chumba cha pili na wewe utadhani kanda imekufa, kumbe ni gundi tu imekauka. Zungusha kidogo kwa kalamu uone kama magurudumu yanatembea. Kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mpaka mwanzo kabla ya kuisikiliza, ili utepe uliokaa miaka umebanana uachiane. Safisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti. Kanda ya dakika 120 ishike kwa uangalifu zaidi, maana utepe wake ni mwembamba na hukatika upesi. Gamba likiwa na skrubu unaweza kulifungua na kuuhamishia utepe kwenye gamba jipya, ni kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye subira na bisibisi ndogo. Na kitu cha kwanza kabisa, kabla ya yote hayo: vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda, ili mtoto akibonyeza kitufe chekundu asirekodi juu yake.

Ukihamisha, hifadhi kwa WAV kwanza, yaani faili lisilobanwa, za MP3 utazitoa baadaye kwa ajili ya simu. Usizidishe programu za kuondoa mikwaruzo. Zinaondoa na kayamba, zinaondoa na sahani za dramu, unabaki na wimbo uliotulia lakini usio na uhai. Weka nakala sehemu mbili, moja isiwe nyumbani kwako.

Kisha andika. Jina la bendi, wimbo, mtunzi, mwimbaji, wapigaji wote uwajuao, mwaka, umeipata wapi, na nani kakwambia. Hilo la mwisho wengi hulisahau na ndilo muhimu kuliko yote. Usipokuwa na uhakika na mwaka, acha wazi. Kisio likishawekwa mtandaoni linanakiliwa, na baada ya muda watu wanalinukuu kama ukweli. Kuhusu watunzi uwe mwangalifu mara mbili. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya na kuzungushwa duniani na Miriam Makeba, mpaka leo wapo wanaoshikilia kwamba ulitungwa na Adam Salim. Ukikutana na ubishi wa namna hiyo, andika pande zote mbili na nani anasema nini.

Wenye mapenzi na taarab wana kazi ileile. Siti binti Saad tunamjua sote, mwanamke wa Fumba aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Lakini Siti hakuwa peke yake kwenye santuri zile. Walikuwepo Budda, Subeti, Mbaruku na Maalim Shaaban, na wapenzi wengi wa Siti hawawezi kuwataja. Kwenye dansi, vilevile, tafuta wanawake. Walikuwa wachache jukwaani na ndiyo maana wasahaulifu hupita juu yao. Anza na Kida Waziri wa Vijana Jazz.

Niseme na hili, ingawa baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Acheni kuwaambia vijana kwamba muziki wa zamani ulikuwa na maadili na wa kwao ni takataka. Kwanza si kweli. Zilipendwa zina nyimbo za kumsimanga mwanamke kwa kila kosa la ndoa, zina nyimbo za kusifu kwa sababu bendi ilikuwa ya taasisi na taasisi ilitaka kusifiwa. Zisikilizeni zilivyo, na mkiwa nao vijana waelezeni zilitungwa katika mazingira gani. Pili, ukimkaribisha kijana kwa kumtukania muziki wake, hatakaa. Mpwa wangu anayepiga kinanda kwenye kwaya hakuvutiwa na hotuba yoyote. Alivutiwa siku nilipomwomba anitafutie noti za ridhimu ya wimbo mmoja wa Sikinde, akahangaika nayo jioni nzima, akaniuliza mwenyewe: huyu anayepiga hapa ni nani?

Msondo na Sikinde bado zinapanda jukwaani Dar es Salaam, zikiwa na vijana wengi waliorithi vyombo na wazee wachache waliobaki. Nenda ukiwa na chenji mfukoni. Lipa mlangoni hata kama unajuana na mlinzi. Watu watapanda kumtunza mwimbaji kwa pesa, na ni haki yake. Wewe mtunze pia yule wa nyuma, mpiga besi au mpiga tumba ambaye hakuna anayemsogelea. Wakipumzika mfuate, mpe mkono, mwambie wimbo gani alioupiga umekugusa na mahali gani hasa ndani ya wimbo. Muulize jina lake kamili na la mtu aliyemwachia nafasi hiyo, kisha uyaandike palepale pamoja na tarehe na jina la ukumbi.